Koo la Tarumbeta

Kila Jumamosi asubuhi binti wa darasa la sita alimfuata baba yake sokoni kufungua marobota ya mitumba. Baba alipanda juu ya meza, akainua shati, akaanza kunadi. Sauti yake ilifika mpaka kwa wauza viatu, ndiyo maana soko zima lilimwita Tarumbeta.

Siku hizi tarumbeta lilikuwa limeziba. Baba alinadi shati moja, akameza mate kwa taabu, akanywa maji. Nyumbani nako kila tonge alilisukuma kwa funda la maji, kisha akaacha chakula nusu.

"Baba, twende hospitali."

"Kwa sababu ya vumbi la mitumba? Sijavuta sigara hata moja maishani! Koo langu lina ugonjwa gani? Hebu nipe hiyo suruali."

Binti alimpa suruali, amefura kwa hasira. Muuza viatu alikuwa ameleta tangawizi, jirani asali, mwingine maji ya chumvi. Kila mtu alikuwa na dawa yake, na hakuna aliyemsikiliza yeye.

Shuleni hakukuwa na nafuu. Wauguzi walikuwa wamekuja kuwachanja wasichana dhidi ya virusi viitwavyo HPV, baba akakataa katakata. "Hiyo ni chanjo ya saratani ya kina mama," alisema. "Mwanangu ana haraka gani?"

"Kumbe binti wa Tarumbeta anaogopa kisindano!" rafiki yake wa darasani alimtania.

"Siogopi! Ni baba!" alijibu, machozi yakimlengalenga.

Jioni moja alimsindikiza baba kwa mjomba wake, kinyozi. Mjomba alimpaka baba povu, akanyoa shavu moja, akapitisha wembe chini ya taya. Mkono ukasimama. Akauweka wembe kando, akapapasa kwa vidole.

"Shemeji, hili donge lina muda gani?"

"Haliumi hilo. Nyoa, bwana."

"Liume lisiume, hapa sipitishi wembe. Shingo yako naijua kama kiganja changu. Hili ni geni."

"Mjomba, mwambie aende hospitali!" binti alidakia. "Mimi nikisema, naambiwa napiga kelele."

"Watoto wa siku hizi..." baba alianza.

"Mtoto amesema kweli," mjomba alimkatiza. "Nusu ya ndevu nitakumalizia ukishaonana na daktari."

Tarumbeta alikuwa mtu wa kujipenda. Angepandaje mezani na ndevu upande mmoja? Kesho yake alijitanda kitambaa usoni, akaenda hospitali akinung'unika njia nzima. Daktari, mama mpole mwenye miwani, alimchunguza, akachukua kipande kidogo cha nyama ya lile donge kikapimwe. Majibu yalipotoka, binti alikuwa ameketi kando ya baba.

"Ni saratani ya koo," daktari alisema. "Imeletwa na virusi vya HPV."

"HPV? Mimi mwanaume! Wala sivuti sigara!"

"Sigara na pombe huleta saratani ya koo, ni kweli. Lakini virusi hivi navyo huileta, hata kwa asiyevuta. Ndivyo hivyohivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Watu wazima huambukizana wanapokaribiana kimwili, na wengi hawajui kama wanavyo. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Mara chache hubaki miaka mingi, vikaleta madhara. Usitafute wa kumlaumu."

Baba aliinama. "Na ile chanjo ya shuleni?"

"Huzuia virusi hivyohivyo. Wewe haitakuponya, wewe utapata mionzi na dawa. Lakini binti yako inamfaa sasa, kabla hajakutana navyo."

Binti aliuma mdomo asipige kelele.

Matibabu yalikuwa magumu. Baba alikonda, hata uji ulimuunguza koo. Mwishowe daktari alimpima akaona donge limekwisha, akamtaka arudi mara kwa mara kuangaliwa. Mjomba, aliyemalizia ile nusu ya ndevu siku ileile ya daktari, sasa alimnyoa kwa shangwe.

Siku ya chanjo, baba mwenyewe ndiye aliyempeleka binti zahanati.

"Nilikwambia, baba," binti alisema akisugua mkono, kinyongo hakijamtoka.

"Uliniambia, mama. Nilikuwa na mdomo mkubwa na masikio madogo. Nisamehe."

Mlangoni wazazi kadhaa walikuwa wakisitasita na mabinti zao. Baba akapanda kwenye benchi. Sauti ilitoka ya kukwaruza, lakini ilitoka.

"Jamani! Nguo kuukuu nimewanadia, mkanunua. Leo nanadi kitu kipya, tena bure! Mtoto akiletewa chanjo, achanjwe. Na mwenye donge shingoni, hata kama haliumi, aende kwa daktari mapema. Msingoje kinyozi awaache na nusu ya ndevu!"