Chupa Yenye Doa Jekundu

"Mgonjwa asife, Hetal. Narudia: asife."

Sauti ya Mkuu Bhatti ilikwaruza kwenye kisikilizio kilichofichwa sikioni. Daktari Hetal Rathwa, mtaalamu wa dawa za usingizi na jasusi wa polisi, alikaza barakoa yake.

Kwenye meza ya upasuaji, katika hospitali moja ya Ahmedabad, India, alilala Pravin Kothadia, mfalme wa dawa bandia za usingizi.

Dawa yake ndiyo aliyochomwa Nirav, kaka yake Hetal. Nirav alizinduka katikati ya upasuaji, misuli imelegezwa, mdomo haufunguki, kisu kinaendelea. Hakutoka hai.

Hetal alimchukia mtu huyu hadi meno yakamuuma.

Shehena nyingine ingesambazwa jioni hiyo. Kazi ya Hetal ilikuwa kujua ilifichwa wapi.

"Dada yangu, eti mnalilaza pafu moja?" Kothadia aliuliza, jasho likimtoka.

"Roboti ya upasuaji inahitaji nafasi kuufikia moyo, ndugu yangu. Pafu la pili litakutosha."

Akainua chupa ya dawa nyeupe kama maziwa. Chini ya kibandiko palikuwa na doa jekundu, alama ambayo genge la Kothadia lilitenganishia feki na halisi.

Kothadia akainuka ghafla, akakaa kitako.

"Wee! Usinichome hiyo!"

"Dawa ni dawa."

"Hiyo feki! Nitaamka nikipasuliwa!"

"Sina nyingine. Na moyo wako haungoji."

"Za kweli ninazo! Ziko pamoja na hizo feki, mjini Sanand, nyuma ya kiwanda cha matofali. Tuma mtu, dada, nakusihi!"

Bhatti akasema sikioni: "Tumemsikia. Tunakwenda Sanand."

Hetal akatoa dawa halisi mfukoni. Mkono ukasita. Angezidisha kidogo tu, nani angejua?

Lakini maiti haisikii, na yeye alitaka Kothadia asikie.

Akamlaza. Pafu la kulia likanywea, mikono ya roboti ikapenya kati ya mbavu. Ghafla oksijeni ikaporomoka.

"Dada Hetal, anatuponyoka!" alifoka daktari mpasuaji kwenye usukani wa roboti.

"Simamisha mikono!"

Hetal akavuta makohozi kwa mashine kutoka kwenye mrija wa hewa wa Kothadia, akapuliza hewa kidogo kwenye pafu lililolala. Namba za oksijeni zikapanda. Alijichukia kwa kumhangaikia hivyo.

Upasuaji ulipokwisha, Kothadia alifumbua macho akiwa na mrija kooni na pingu mkononi. Alitaka kufoka. Sauti haikutoka.

"Tuutoe mrija, daktari?" nesi aliuliza.

"Subiri kidogo."

Hetal akamwinamia sikioni.

"Unasikia, husemi. Ndivyo alivyokuwa Nirav, kaka yangu. Tofauti ni kwamba wewe nimekulaza kwa dawa ya kweli."

Macho ya Kothadia yakajaa machozi.

"Shehena yote tunayo," Bhatti alisema kwenye kisikilizio. "Uko salama?"

"Nina njaa, Mkuu."

Akavua glavu, akamgeukia nesi.

"Sasa mtoe mrija. Ana mengi ya kuwaambia polisi."

Akatoka kwenda kunywa chai.