Damu ya Mbuzi wa Ndagoni

Usaha hunuka; hilo halihitaji cheti. Lakini Munira alipofunua kisahani alichooteshea usaha wa Dulla, alisikia harufu ya marashi. Akamtupia jicho msaidizi wake.

"Kheri, umejipaka marashi humu ndani?"

"Wallahi sijajipaka, dada."

Hakumwamini. Kheri na ukweli hawakuiva chungu kimoja.

Dulla, mvuvi, alichomwa na mwiba wa samaki taa kule kisiwani Shungimbili, na mguu ulikuwa unaoza. Daktari alitaka ajue ni bakteria gani ili achague dawa. Asipojua, kesho kutwa anaukata. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa amekaa mlangoni pa maabara akivuta uradi.

Munira aliinamia hadubini. Vijidudu vile hakupata kuviona maishani: vilijipanga duara, na duara lilikuwa likizunguka. Akafunua kisahani kingine, ambacho hakikupandwa kitu, kina damu tu ya kulishia bakteria, na humo pia vimeota vilevile; ndipo akajua kosa halikuwa kwenye usaha bali kwenye damu, na damu aliileta Kheri, na Kheri sasa alikuwa anatazama sakafu, na ndani ya kabati la joto kitu kilikuwa kinagonga taratibu, kikitaka kufunguliwa.

"Damu uliitoa wapi?" alinong'ona.

"Machinjioni hawakuchinja. Nikaikinga Ndagoni, kwenye ngoma ya Bi Somoe."

"Mbuzi wa pepo?"

"Kidogo tu, dada. Kabla mwenyewe hajanywa."

Bi Somoe, mganga, aliletwa kwa pikipiki. Alinusa mara moja tu.

"Anadai haki yake. Nipeni hadi Ijumaa nimtafutie kiti, mtu atakayempokea kwa ridhaa. Pepo hafukuzwi kama paka."

"Bibi, mguu wa mtu unakatwa!" Munira akamkatiza. "Mtoe tu humu."

Bi Somoe alisita, kisha akafukiza ubani, akamtoa. Kugonga kukakoma. Munira akaotesha upya kwa damu ya machinjioni, na asubuhi bakteria mwenyewe akajulikana. Alikimbilia wodini na jibu, furaha imemjaa, Bi Mwanamkuu nyuma yake.

Dulla alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili. Kidonda kimefunga.

"Alhamdulillahi, mwanangu!" Mama akalia, akangoja shikamoo yake.

Dulla alimtazama juu mpaka chini.

"Binti," akasema kwa sauti ya bibi kizee, "mbona huniamkii?"