Kopo Chini ya Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Nekesa alishuka kijitoni na mtungi na kopo dogo. Mtungi aliujaza upande wa juu wa kijito pamoja na wenzake. Kopo alilificha peke yake chini ya bomba la mafuta la serikali, mahali lilipovuja, na jioni alilikuta limejaa mafuta ya taa.

Bomba hilo lilikuwa karaha tupu. Lililazwa kwa kodi ya wakulima wa Bungoma, likapita katikati ya mashamba yao kutoka stesheni ya reli, likaishia kwenye matangi ya walowezi upande wa Kitale. Zahanati iliyoahidiwa haikujengwa. Karani wa serikali alisema bila haya kwamba pesa zimemalizwa na bomba. Basi Nekesa hakuona vibaya kujichukulia kidogo. Mama alipouliza mafuta ya kusomea yametoka wapi, alidanganya kwamba amepewa na Manjit, binti wa mwenye duka.

Ikafika Agosti ya mwaka wa tohara. Kaka yake Wabwile alikuwa katika siku ya mwisho ya kuzunguka na kengele za tohara kuwaalika jamaa. Kesho yake alfajiri angepelekwa kijitoni, chini ya bomba, apakwe tope mwili mzima kama ilivyo desturi, kisha asimame mbele ya kisu. Mahali hapo watu wengine hawakwenda mpaka mwaka wa tohara.

Jioni Nekesa alipofuata kopo lake, alilitazama tope lile kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jeusi, linanuka mafuta. Alilishika, vidole vikamwasha. Alifikiria kidonda cha kaka yake, akajichukia mwenyewe. Akakimbia nyumbani kwa baba yake, Mzee Mukhisa.

"Baba, usimpeleke Wabwile pale," alisema. "Tope limejaa mafuta. Mimi nimejua bomba linavuja tangu wakati wa palizi."

Akamweleza habari za kopo na za uongo wake. Mukhisa aliinuka. Alikwenda kwa wazee, wakakubaliana kutumia tope la upande wa juu wa kijito, bomba lisikofika. Alfajiri Wabwile alipakwa tope safi, akasimama bila kupepesa jicho.

Wiki iliyofuata Mukhisa aliliweka kopo juu ya meza ya karani barazani, na harufu ikamfanya karani azibe pua. Fundi aliletwa, bomba likazibwa. Kisha karani akatangaza kwamba gharama ya kuliziba itaongezwa kwenye kodi. Mukhisa akatema mate chini.

Njiani kurudi nyumbani alimgeukia binti yake, aliyekuwa amefuatana naye barazani.

"Wale hawana aibu, nimewazoea. Tulilipa bomba kwa kodi, tukalilipa tena kwa kijito chetu. Lakini wewe, mwanangu, walikunyamazisha kwa kopo moja. Ukiona kitu cha watu wote kinaharibika, sema siku hiyo hiyo, hata kama wewe unapata faida."

Jioni hiyo Nekesa alisoma kando ya meko, kwa mwanga wa kuni.