Dakika Tano za Cherehani

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Tangu alfajiri mvua ilinyesha rasharasha, na baridi ilipenya mpaka chini ya blanketi. Mama, ambaye alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, alivaa koti lake kuukuu akasimama mlangoni kutoa maagizo.

"Cherehani, maharage yako motoni. Jiko libaki kibarazani. Nimesema libaki wapi?"

"Kibarazani, Mama."

"Na dada yako usimwache peke yake."

Cherehani lilikuwa jina la utani la binti wa miaka kumi na miwili. Alipewa kwa sababu akianza kusema, hakuna wa kumkatiza. Dada yake alikuwa na miaka kumi na sita, na akili yake ilijifunza taratibu kuliko ya wenzake. Alijua kufua, kupika, na kukunja shuka mpaka kona zikalingana. Kilichompiga chenga ni muda. Ukimtajia saa moja au siku nzima, kwake yalikuwa maneno tu, hakuyahisi. Kwa hiyo Mama hakumtajia saa. Alimgeukia akamwambia, "Mwanangu, ukimaliza kukunja nguo za kapu hili, ukala chakula, ukaosha vyombo, utaniona naingia."

Dada akaitikia kwa kichwa, moyo wake umetulia.

Mama alipoondoka, mvua ikaongeza hasira. Upepo uliisukuma hadi kibarazani, matone yakawa yanachapa mkaa. Cherehani akaona moto utazimika. Akabeba jiko, akalivusha kizingiti, akaliweka katikati ya chumba. Kisha akafunga dirisha ili godoro lisilowe.

"Wee Cherehani!" sauti iliita kutoka nyumba ya jirani. Alikuwa rafiki yake, Kidoti. "Filamu inaanza! Utakuta mkia! Au siku hizi umeajiriwa ulinzi?"

"Nani kaajiriwa? Nakuja!"

Akamgeukia Dada. "Kaa hapa uangalie sufuria. Maji yakipungua, ongeza. Usitoke mpaka nirudi. Dakika tano tu."

"Dakika tano," Dada alirudia.

Cherehani akauvuta mlango nyuma yake, akakimbia.

Filamu ilikuwa tamu. Ilipoisha, ikawekwa nyingine. Ghafla mvua ikakatika, mabati yakanyamaza, na katika ule ukimya Cherehani akamkumbuka Dada. Akainuka.

"Unakwenda wapi? Sasa ndiyo imenoga!" Kidoti alisema.

Cherehani alikuwa ameshatoka mbio. Alipofungua mlango wa kwao, joto zito lilimpiga usoni. Moshi haukuonekana. Dada alikuwa ameegemea ukuta karibu na jiko, kichwa kimelala begani, mwiko ungali mkononi.

"Dada! Dada, amka!"

Alimtikisa. Mkono ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Macho yalifunguka kidogo, yakaonyesha weupe, yakajifunga tena. Cherehani aligeukia mlango. Alitoa ukelele.

Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kiligusana na ukuta wao, alikuja mbio huku mikono imejaa grisi. Akamshika Dada kwapani, akamburura hadi nje.

"Toka humo na wewe!" alifoka. "Unataka niwabebe wawili?" Kisha akamwona Kidoti, aliyefuata ukelele. "Kidoti, kimbia kamwite mama yao, aje zahanati!"

Penye hewa safi Dada alivuta pumzi, akakohoa, akatapika. Fundi alimketisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mteja, akawa anaisukuma kwenye matope. Cherehani alimshikilia Dada mgongoni asianguke. Alikuwa pekupeku, na njia nzima aliomba, maana Mungu husikia hata sala ya mtu anayekimbia. "Mungu wangu, usimchukue. Mungu wangu, usimchukue."

Zahanatini, tabibu alimlaza kitandani, akammulika macho, akampima mapigo ya moyo, huku fundi akimweleza habari za jiko la mkaa. Mama alifika akihema, mapovu ya sabuni yangali kwenye viwiko. Wakati huo Dada alikuwa amefumbua macho.

"Binti, umekaa na lile jiko muda gani?" tabibu aliuliza.

"Dakika tano," Dada alijibu kwa sauti ndogo.

"Dakika tano tu? Asante Mungu!" Mama alisema, akaketi kando ya kitanda.

Tabibu akashusha pumzi. "Basi amepata nafuu. Apumzike kidogo, mtarudi naye nyumbani."

Cherehani ndiye pekee aliyejua kwamba jibu lile lilikuwa lake, si la Dada. Akinyamaza, mambo yangeishia hapo, na Mama asingejua habari za filamu. Lakini alitazama midomo ya Dada, jinsi ilivyokuwa ikitetemeka. Je, akirudi nyumbani, akalala, asiamke? Hofu ya kuchapwa ikawa ndogo kama punje mbele ya hofu ile.

"Si kweli!" alisema, machozi yakimtoka. "Dakika tano nilimwambia mimi. Nilitoka mvua ilipozidi, nikatazama filamu nzima, na nyingine mpaka katikati. Jiko niliingiza mimi. Dirisha na mlango nilifunga mimi."

Uso wa tabibu ulibadilika. "Hiyo ni zaidi ya saa moja! Muuguzi, lete oksijeni haraka! Huyu haendi popote leo."

Barakoa ilifungwa usoni mwa Dada. Mama alimshika miguu, midomo ikicheza kwa sala. Cherehani alijibanza ukutani, hathubutu kumtazama mtu. Saa zilipita. Mpaka jioni ndipo rangi ilipomrudia Dada, naye akaomba maji.

"Kwa nini hukutoka, mwanangu?" Mama alimuuliza.

"Kichwa kiliniuma. Nilitaka kutoka," Dada alisema. Kisha akamtazama mdogo wake bila hasira. "Lakini dakika tano zilikuwa hazijaisha. Dakika tano ni ndefu sana, eh?"

Cherehani alipiga magoti kando ya kitanda, akalia.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema tabibu, ambaye nywele zake zilikuwa zimejaa mvi. "Moshi una huruma, maana humwasha mtu macho akakimbia. Hewa yenye sumu ya mkaa haionekani wala hainuki. Huua kimya kimya. Ungenyamaza, ningemruhusu mgonjwa ambaye bado yuko hatarini. Ukweli wako umemsaidia."

Mama akamwinua Cherehani. "Sikupigi. Hofu ya leo imekuchapa vya kutosha. Lakini elewa, wewe una saa ndani ya kichwa, Mungu alikupa bure. Dada yako hana hiyo saa. Saa yake ni neno letu. Ukimdanganya muda, umemwacha gizani. Na hata kwa sisi wengine, ahadi ya dakika tano ni ahadi."

"Mimi mwenyewe huwaambia wateja njooni kesho," fundi alinong'ona kutoka mlangoni. "Leo nimekoma."

Cherehani alifuta uso, akashika mkono wa Dada. Akasema kwa sauti ambayo hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waliisikia:

"Dada, mbele ya Mama, mbele ya tabibu na fundi, na Mungu akinisikia, naahidi: sitaingiza tena jiko la mkaa ndani, na sitakwambia nitarudi wakati ambao sirudi."