Mtoto wa Novemba

Kwenye kioo kilichojaza ukuta wa mbele wa ukumbi, mvulana mwembamba alifuta pua kwa mkono wa shati, akakohoa kidogo, kisha akaanza kugawanya elfu nane na mia nne kwa kumi na mbili kwa njia ndefu. Alishusha tarakimu moja baada ya nyingine bila kusita. Katika safu ya tatu ya viti, mama yake mzazi aliziba mdomo kwa mshangao. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwacha mvulana huyohuyo mlangoni mwa darasa, mfupi kuliko huyu wa kwenye kioo, na jedwali la kuzidisha kwa tatu bado linamtoa jasho.

"Huyo ni mwanao wa Novemba, mama Ndaki," alisema Mwalimu Sizya akitabasamu. "Leo ni Januari. Tumemtanguliza tu umwone."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Hivyo ndivyo shule za Tabora zilivyofungua kikao cha wazazi wa darasa la nne tangu kioo-tazamio kilipoletwa mjini. Mashine hiyo ilikuwa imewafuatilia watoto tangu darasa la kwanza: wanavyosoma, wanavyocheza, wanavyonuna. Kila nyumba nayo ilikuwa na sikio la shule ukutani, kisanduku kidogo kama swichi ya taa, kilichonasa yanayosemwa mezani na sebuleni. Kutokana na hayo yote mashine ilimjenga mtoto-tazamio, yaani mtoto kama atakavyokuwa mwaka ukielekea ukingoni. Haikuwa picha tu. Ukimsalimia, anaitikia.

"Mwaka huu jiandaeni," Mwalimu Sizya aliendelea. "Hesabu zitakuwa ndefu. Insha zinaanza. Kuna mtihani wa taifa, na nawaomba sana msiwatie watoto wazimu kwa ajili yake. Mtoto aliyekuwa anakusimulia kila kitu ataanza kuficha kidogo. Atamsikiliza rafiki yake kuliko wewe. Usishangae akikataa kushikwa mkono getini."

"Wangu ameshaanza!" baba mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka tena.

Nyamizi Kasanda naye alicheka. Alikuwa fundi wa breki za treni ya sumaku, mwanamke wa kazi, na mwanawe Kalunde ndiye aliyekuwa chumvi ya maisha yake. Baba wa mtoto alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha anga, anarudi mara moja kwa mwaka akiwa amezoea kuelea, hata ngazi anapanda kwa shida. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama na binti, na walitosha.

Wazazi walianza kuingia mmoja mmoja katika kibanda kando ya ukumbi, chenye kioo chake kidogo, kila mtu azungumze na wa kwake. Zamu ya Nyamizi ilipofika, alifunga mlango, akakaa. Kioo kikaangaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Hebu nikuone. Umekuwa mkubwa!"

Kalunde wa Novemba alikuwa amerefuka uso, na jino la mbele lililong'oka lilikuwa limeshaota. Alieleza kwamba kugawanya kwa njia ndefu sasa kunamwendea vizuri, na kwamba ameandika insha kuhusu nyuki. Nyamizi alimsikiliza huku machozi ya furaha yakimlengalenga. Kisha akaona kishungi cha nywele nyuma ya sikio, kimeachwa wakati wa kunyoa. Bila kufikiri, akanyoosha mkono kukigusa.

Kioo kile kilikuwa na macho. Kiliuona mkono unakuja. Mtoto akajikunyata ghafla, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, mama. Sitarudia tena."

 Nyamizi alikijua kitendo kile. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akijifunika utotoni, kila baba yake alipoanza kufungua mkanda. Siku alipojua ana mimba alikula kiapo kwamba mwanawe hatapigwa hata kofi, na kiapo hicho hakuwahi kukivunja.

"Nani amekupiga?" aliuliza. "Kalunde! Nani amekupiga?"

Muda wake ukaisha, kioo kikazimika.

Alimsubiri Mwalimu Sizya mpaka watu wakapungua. "Mwalimu, kitu hiki huwa kinakosea?"

"Mara chache sana."

"Na kinasema kwa nini mtoto yuko vile?"

"Hapana, mama Kalunde. Kinamwonyesha mtoto tu. Sababu mnazo wenyewe nyumbani." Mwalimu aliyasema hayo kwa upole, lakini macho yake yalishuka kidogo, yakatua kwenye mikono ya Nyamizi. Nyamizi akaiingiza mfukoni.

Kuanzia siku hiyo aliiogopa mikono yake. Kazini ilikuwa ileile, mitulivu, inapima breki za mabehewa bila kutikisika. Nyumbani aliiona kama ya mtu mwingine, ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikingoja tu siku yake. Kila Jumapili ya kunyoa, mama na binti walikuwa na desturi yao: Kalunde kwenye kigoda uani, taulo mabegani, Nyamizi na mashine ya kunyolea nyuma yake, na umbea wote wa darasani ukimwagika mpaka nywele ziishe. Jumapili iliyofuata kikao, Kalunde alitoa kigoda mwenyewe, akakaa, akangoja.

"Leo nenda kwa kinyozi-roboti pale sokoni," mama yake alisema akiwa mlangoni.

"Kwa nini, mama?"

"Mikono inaniuma."

Haikuacha kumuuma mwaka mzima. Hakumshika tena getini, na mtoto, ambaye Mwalimu alisema atakataa kushikwa, alikuwa bado anaunyoosha mkono wake mdogo kisha anaurudisha. Hakumpaka mafuta. Akimwaga uji au akirudi na hesabu zimejaa alama nyekundu, Nyamizi aliondoka upesi, akaingia bafuni, akabana komeo, akakaa humo mpaka moyo utulie.

Mdogo wake Mgole alipokuja kuwatembelea, alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda.

"Dada, unamkwepa mtoto kama waya wa umeme. Amekufanya nini?"

Nyamizi akamweleza habari za kibandani. Mgole akacheka kwa mshangao. "Sasa mashine ikikuambia utakula udongo, utaenda kuuchimba?"

"Hukumwona alivyojikunyata, Mgole. Wewe ulikuwa mdogo, baba hukumjua vizuri. Mimi nilimjua."

Na hofu yake haikuwa ya bure kabisa, tuseme ukweli. Baada ya likizo ya Juni, Kalunde alidanganya kwamba hana kazi ya nyumbani, kumbe kaificha chini ya godoro. Nyamizi alipoigundua alihisi kiganja kikiwaka moto na mkono ukipanda wenyewe mpaka usawa wa kifua. Wote wawili waliuona. Akakimbilia bafuni, na safari hiyo alikaa humo kwa muda mrefu, akilia bomba likiwa wazi ili asisikike. Hakujua kwamba upande wa pili wa mlango kulikuwa na mtu aliyeketi sakafuni, amelikazia macho komeo lile.

Novemba ikafika, na asubuhi ya mtihani wa taifa ikafika. Kalunde alisimama sebuleni na sare iliyopigwa pasi, jino jipya la mbele, uso uliorefuka. Nyamizi alikuwa akitafuta chupa ya maji. Alipogeuka, akakiona kishungi cha nywele nyuma ya sikio. Kinyozi-roboti amekiruka. Asubuhi ilikuwa ya haraka, akajisahau, akanyoosha mkono.

Mtoto akajikunyata, akajifunika kichwa.

"Nisamehe, mama. Sitarudia tena."

Sauti ilikuwa ileile, maneno yaleyale. Ukutani, sikio la shule likawasha taa ya kijani, ishara kwamba tazamio limetimia.

Nyamizi akapiga magoti sakafuni. "Hutarudia nini, mwanangu? Nimekupiga lini mimi?"

"Hujanipiga."

"Kuna mtu anakupiga? Shuleni? Njiani?"

"Hapana."

"Sasa hutarudia nini?"

"Sijui." Kalunde aliongea akiwa bado na mikono kichwani. "Sijui nilikosa nini, mama. Tangu siku ya kikao hunishiki. Nikikosea kidogo unakimbia, unajifungia. Nilijua umekasirika sana, unajizuia. Nikawa nangoja tu siku utakapoacha kujifungia."

 Mwaka mzima Nyamizi alikuwa amemlinda mtoto na kofi, na mwaka mzima mtoto alikuwa amelisubiri.

Alinyanyuka. Akaenda kabatini, akatoa mashine ya kunyolea, imeshika vumbi. Akabeba kigoda, akakiweka uani.

"Tutachelewa mtihani," Kalunde alinong'ona.

"Watatusubiri. Wasipotusubiri, basi. Njoo ukae."

Mtoto alikuja, kwa sababu alikuwa ameambiwa. Akakaa, akafumba macho, mabega yakapanda mpaka karibu na masikio. Nyamizi alimtandika taulo, kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa kile kidogo, mara ya kwanza tangu Januari. Alikihisi kikikakamaa chini ya vidole.

"Nilidhani ni mimi wa kuogopwa," alisema. "Ndiyo maana nikakukimbia. Hukukosa kitu, Kalunde. Hata kimoja."

 Mabega ya Kalunde hayakushuka. Nyamizi akawasha mashine, akaanza kunyoa nyuma ya sikio, polepole, na kiganja kilichokuwa kichwani hakukiondoa.