Nywele Kwenye Mtarakwa

Daktari wa meno alitaka mtarakwa. Siyo wa kitaluni, alisema, ya huko imenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Alitaka wa mwituni, mzee na mfupi, uliopindwa na upepo, auweke pale mapokezi wagonjwa wautazame wasahau maumivu. Ndiyo kazi yangu na kaka yangu: tunapanda majabali, tunatafuta miti iliyodumaa, tunaing'oa na udongo wake na kuilea mpaka izoee chungu. Bonsai. Shangazi yetu huiita kazi ya kutesa miti.

Jioni ile kaka alitangulia. Watu humwita Msumari kwa wembamba wake. Hatukuwahi kupanda upande ule wa mlima, lakini kila njia ilipogawanyika, hakusimama kufikiri.

"Umeshawahi kuja huku?" nikamuuliza.

"Sijawahi."

Nilimwamini. Mpaka leo namwamini.

Mti ulikuwa umejibana kwenye ufa wa mwamba, haufiki hata gotini. Nusu ya shina ilikuwa imekufa, nyeupe. Nusu nyingine ilikuwa hai, nyekundu, inanukia penseli iliyochongwa. Na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine...

Mafuta ya nywele.

Kaka hakuusogelea. Alisimama mbali, mkono kifuani.

"Huu," akanong'ona. "Huu ndio."

Nikapiga magoti kuukagua. Matawi yalikuwa yamefungwa, kama sisi tunavyoyafunga kwa waya ili yakae tunavyotaka, mzunguko baada ya mzunguko, kwa ustadi. Lakini haikuwa waya.

Zilikuwa nywele.

Nywele nyeusi za mtu, ndefu, zimesokotwa na kukazwa. Mwenye akili zake angeshuka mlima bila kuaga. Mimi nikadhani kuna mwenzetu katutangulia, akaishiwa waya. Akili ya kazi hiyo. Ukiona tawi linabanwa, mkono unatafuta mkasi wenyewe. Na katika kazi yetu kifungo hakizungushwi kukifungua, maana tawi litavunjika. Kinakatwa, kipande kwa kipande.

Nikakata.

Kacha.

Nyuma yangu sululu ikaanguka. "Mkono umekufa ganzi," kaka akasema, akicheka kidogo.

"Mzigo huo. Uliubeba upande mmoja."

Kacha.

Nikamsikia akikaa chini. Mguu nao, alisema. Nikamwambia apumzike, nitamaliza mwenyewe. Sikugeuka. Mkasi ulikuwa unakata vizuri.

Kacha.

"We mto..."

Neno halikuisha. Hata upepo ulikuwa umesimama.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama, mdomo wazi, ulimi umelala. Machozi yalikuwa yanatoka jicho moja. Lilibaki tawi moja lenye nywele, la kileleni, na mkasi wangu ulikuwa tayari umelishika.

Nikaurudisha mfukoni. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Nilitakiwa kulia njia nzima, lakini nilikuwa nawaza tu mahali pa kuweka mguu.

Hospitali wakasema kiharusi. Vipimo havikuonyesha sababu. Shangazi akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza kila kitu. Nilipofika habari ya nywele, akauangalia mlango kwanza.

"Kaka yako alizaliwa kimya," akanong'ona. "Wakunga walishamfunika. Mama yenu akamchukua, akatoka naye. Alirudi kesho yake, mtoto analia."

"Alimpeleka wapi?"

"Hakusema mpaka anaingia kaburini. Ila alirudi kichwa kimenyolewa... na mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena. Huo ulikuwa mwanzo tu."

Nikautazama mkono wa kaka uliolegea.

"Usiuache mti huko," shangazi akasema. "Mbuzi akiutafuna je?"

Nikaenda kuung'oa. Daktari wa meno nikamwambia umekufa. Niliuweka kwenye chungu, dirishani kwa kaka aliporudishwa nyumbani, na ulistawi kuliko mti wowote niliowahi kuulea. Hapo ndipo penye tabu. Tawi likinenepa, kifungo kinaingia kwenye gamba. Kikiachwa, tawi litanyongeka. Kikikatwa... nilikuwa nimeshaona.

Nikaamua kuanza na matawi niliyoyafungua, kifungo cha kileleni, kilichoshika pumzi ya kaka, nikitafutie njia baadaye. Nilikata nywele zangu, nikazisokota, nikafunga tawi la kwanza. Kaka akakunja vidole. Chai ikanimwagikia mkono wa kulia na sikusikia moto. Ninaandika haya kwa wa kushoto.

Nikafunga la pili. Akasimama, akaushika ukuta, akatembea. Mguu wangu ukawa kitu ninachokiburuta. Shangazi aliniuliza kama naogopa. Nikautafuta woga ndani yangu, sikuuona. Nilimpenda kaka yangu, hilo nililijua, lakini nililijua tu.

Leo shangazi ameenda sokoni. Nimelifunga la tatu.

"Tunaenda lini mlimani?" kaka akauliza.

Sauti yake ileile. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ananyoosha mabega kama mtu aliyetoka usingizini. Hakumbuki mlima. Nikafungua mdomo nimwambie akae, nimweleze taratibu. Ulimi haukunyanyuka.

"We mtoto, mbona umenyoa?" akacheka. Kisha akauona mti dirishani, macho yakang'aa. Akauzunguka, akainama. "Mzuri! Lakini mshamba gani kafunga hivi? Tazama huku juu, tawi linanyongwa."

Nikatikisa kichwa. Alikuwa amenipa mgongo. Nikajaribu kuinuka, mguu ukagoma, nikaanguka. Labda niliumia.

Kaka akachukua mkasi mezani. Akalishika tawi la kileleni kwa vidole viwili, kwa upole, kama anavyoishika miti yote.

"Tulia," akauambia. "Nakufungua sasa hivi."