Mguu wa Tatu

Mpiga kinanda cha jazi ana miguu miwili, kama wewe na mimi. Wa kushoto unapiga besi kwenye pedali za mbao zilizopangwa chini. Wa kulia unakanyaga pedali moja tu, ile ya kupandisha na kushusha sauti. Mikono iko juu na shughuli zake. Hesabu hiyo Sindano aliijua tangu hajang'oka meno ya utoto, kwa hiyo siku ile saa nane mchana, alipoweka santuri kwenye gramafoni akasikia mguu wa tatu, hakujiuliza kama masikio yanamchezea. Alijiuliza nani ameingia.

Sindano lilikuwa jina la duka lake na sifa ya ulimi wake. Aliuza santuri kuukuu katika duka aliloachiwa na baba yake: chumba cha mbele cha wateja, cha nyuma cha kinanda. Baba alikuwa mpiga kinanda wa kweli, si hawa wa kubonyeza kitufe mashine ikawapigia. Ukutani, juu ya gramafoni, alikuwa ameandika kwa rangi ya mafuta: KUMI ZA KUSIKIA KABLA HUJAZIKWA. Tisa alizijaza mwenyewe. Ya kumi aliiacha wazi, na kila alipoulizwa alijibu kwamba bado haijapigwa.

Alipofariki, binti yake alipanda juu ya kiti akaijaza. Aliandika jina la santuri pekee ambayo mzee aliwahi kurekodi. Nakala iliyokuwa imebaki duniani, kwa kadiri Sindano alivyojua, ilikuwa moja, na alikuwa nayo yeye.

Desturi ya duka ilikuwa hiyo: kila siku saa nane mchana, wateja wawepo wasiwepo, inapigwa santuri moja ya orodha, kwa mpangilio. Siku ile ilikuwa zamu ya kwanza, ya Askofu. Askofu hakuwa askofu. Alijifunza kinanda kanisani, akafukuzwa kwa sababu waumini walianza kutingisha mabega wakati wa toba. Katika santuri yake, Jumatatu Haina Mwenyewe, besi inatembea kama mtu aliyelipwa mapema, haina haraka na haina deni. Sasa nyuma ya besi ile kulikuwa na kitu kingine. Ko. Ko. Kitu kigumu juu ya mbao, kikichelewa nusu hatua.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi lake. Huyu ni kaka wa mama yake Sindano, aliyempigia marehemu dramu kwa miaka thelathini, na ambaye kazi yake iliyobaki ilikuwa kuibishia orodha.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia miguu mitatu," Mjomba alinong'ona. "Na mmoja hauna vidole."

Walicheka, lakini hawakutazamana.

Siku ya pili mguu ukawa kwenye santuri ya pili. Siku ya tatu ukaingia kwa Bibi Mvuke, yule aliyerekodi chini ya bati mvua ikinyesha, akagoma kurudia, akasema mvua nayo ni mpigaji na keshalipwa. Sindano alirudisha sindano kwenye santuri ya kwanza kuhakikisha. Mguu ulikuwa bado umo. Haukuwa unahama basi, ulikuwa unaongezeka. Na duka likaanza kunuka pembe iliyoungua, harufu ya kwato inapochomwa, ikitokea chini ya mlango wa chumba cha nyuma.

Siku ya sita ilikuwa ya Vidole Kumi na Viwili. Mpigaji huyo ana mbio na majivuno, baba hakumpenda hata kidogo, alimweka kwenye orodha kwa sababu haki ni haki. Hapo kwato haikuchelewa tena. Ilikwenda sawa na besi, ikaipita, ikaanza kuiongoza, na mteja mmoja aliyekuwa akichambua santuri kwenye sanduku la mbao aliweka chini alichoshika, akasema samahani ameacha jiko linawaka, akaondoka bila kufunga mlango, na wale wawili wakabaki wakisikiliza kitu kile kikikanyaga na kukanyaga, karibu na zaidi ya karibu, kama kwamba hakimo kwenye santuri bali nyuma ya ukuta, kwenye kile chumba ambacho tangu msiba hakuna aliyekaa.

"Mwanangu," Mjomba alisema polepole, "kile kinanda ulikizima lini?"

Sindano aliutazama mlango wa chumba cha nyuma. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Hakuwahi kukizima. Asubuhi aliyofariki, baba alikiwasha mwenyewe: swichi ya kwanza akaishikilia mpaka mota ikashika kasi, kisha ya pili. Akavuta vijiti vya sauti, akavua viatu, maana pedali zile hazikanyagwi na kiatu. Halafu akasema anajinyoosha kidogo, akaenda kujinyoosha moja kwa moja. Binti alirudi kutoka mazishini akakikuta kinanda kinanguruma, vijiti nje, viatu chini ya benchi. Mkono wake ulifika kwenye swichi ukakataa. Kwa majuma sita mngurumo ule ulipita ukutani, na kila akiusikia alisema moyoni, baba yuko kazini. Ni kosa ambalo mtoto wa fundi cherehani au wa dereva asingelifanya. Mashine ya baba zao ikizimwa, imezimwa.

Siku ya tisa walimleta mganga. Alikuwa mwanamke mzee, mnene, na kiziwi kama kinu.

"Mjomba, umeniletea kiziwi kwa jini wa muziki?"

"Mwenye masikio atadanganywa," Mjomba alisema. "Huyu je?"

Mganga hakuuliza kitu. Alivua kandambili, akaingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja sakafuni. Kisha akakiweka kwenye benchi la kinanda, akakiondoa upesi.

"Kiti kina joto. Ni cha nani?"

"Cha marehemu baba!" Sindano alimpigia kelele sikioni.

"Marehemu hana joto, mwanangu." Mganga alijifuta kiganja kwenye kanga. "Umeweka kiti, umewasha taa, umeacha mlango wazi, halafu mwenyewe hayupo. Jini ni mgeni kama wageni wengine, akikuta pametandikwa anakaa. Sasa anakula vya humu ndani. Amekula vingapi?"

"Tisa!" Sindano alipiga kelele tena.

"Na kesho?"

Sindano aligeukia mlango wa dukani. Alionyesha jina la santuri ya baba yake, kule mbele ukutani.

Mganga alilitazama. "Basi sikiliza. Ukizima naye amekaa, atabaki humo gizani na kinanda si chenu tena. Mwondoe kitini kwanza, halafu zima. Na haondoki kwa ubani. Ataondoka mwenye kiti akikaa."

"Mimi sipigi!" Sindano alipiga kelele zaidi, na safari hii si kwa ajili ya uziwi. "Mguu wangu wa kushoto ulikauka kwa ugonjwa nikiwa na miaka minne. Besi ni mguu wa kushoto."

"Sikusikii vizuri," mganga alisema, akavaa kandambili zake. Mjomba anaapa mpaka leo kwamba hapo alisikia kila neno.

Siku ya kumi Sindano alifungia santuri ya baba kabatini, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia Mjomba hapigwi mtu leo. Saa nane kasoro kidogo, sahani ya gramafoni ilianza kuzunguka tupu. Na nyuma ya ukuta kinanda kikaanza wimbo wa baba, nota kwa nota, na mkono ulikuwa mkono wa baba, ule uzito wake wa kuchelewa kidogo kwenye nota ya mwisho kama mtu anayeaga mlangoni, lakini chini ya mkono ule ilikuwa kwato tupu, ko, ko, ko, mguu wa baba haumo, umeshaliwa, na nota baada ya nota mkono nao ulikuwa unakuwa mgumu, unapoteza ule ukawiaji, unageuka kuwa wa mwingine.

Hapo ndipo woga ulipomwisha Sindano. Hasira iliingia ikakuta hakuna nafasi, ikausukuma woga nje.

Alisukuma mlango. Spika kubwa ya kuzunguka iliyokuwa pembeni ilikuwa ikizunguka kwa kasi, na sauti ilitoka humo, ikija na kwenda, mbele yake, nyuma yake.

"Kiti kilikuwa kitupu," jini alisema humo ndani ya spika.

"Najua," Sindano alisema. Alivua viatu vyote viwili, akaviweka kando ya vile vya baba.

"Wewe mwenyewe uliniachia kinawaka. Nipe ile ya kumi nitulie. Nitakupigia kila siku. Utamsikia baba yako kila siku."

Kusema kweli, hapo moyo ulimtetereka. Ni nani asiyetaka kitu hicho? Alishika ukuta.

"Huyo si baba," alisema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti yake ya dukani: "Sogea."

Akakaa. Benchi lilimchoma mapaja, na ubavuni alihisi manyoya makavu na pumzi, kitu kizito kisichobanduka. Alikisukuma kwa nyonga, kama abiria aliyechoka kumwomba mwenzake nafasi.

"Sogea nimesema! Umekalia kiti cha kwetu."

"Mguu wako umekauka," ilisema spika. "Besi utapiga na nini?"

"Na wa kulia."

Aliikanyaga pedali ya sauti mpaka chini, ikagota, akaiacha hapo hapo. Mguu wa kulia akauhamishia kwenye besi. Sasa hakukuwa na wa kushusha sauti, kinanda kilinguruma chote, santuri zikatetemeka kwenye rafu, na nota yake ya kwanza ilikuwa mbaya hata Mjomba alikunja uso. Kwato ilirukia juu yake. Kila alipojaribu wimbo wa baba, kwato ilifika kabla yake. Alijaribu wa Askofu, ikamtangulia. Wa Bibi Mvuke, vivyo hivyo.

"Anazijua zote!" alilia.

"Anajua zilizopigwa!" Mjomba alijibu kutoka mlangoni. Alikuwa ameleta sanduku tupu la santuri, ameketi juu yake, analipiga kwa viganja. "Piga ambayo haijapigwa!"

Akapiga. Hakuna anayeweza kukuambia ulikuwa wimbo gani, maana haukuwepo. Ulichechemea. Ulikwenda kama anavyokwenda yeye barabarani, hatua ndefu, hatua fupi, bega chini, na viganja vya Mjomba viliushika hapo hapo, vikauchukua ulivyo bila kuunyoosha. Kwato ilikanyaga mbele yake, ikakosa. Ikakanyaga nyuma, ikakosa. Ilikuwa ikitafuta pa kukanyagia na kila ilipofika nota imeshahama, mpaka ikawa inagonga ovyo, mpaka ikawa inagonga mojamoja, na spika ikatoa mlio kama wa punda aliyezuiwa mlangoni, na ubavuni mwa Sindano pakawa baridi.

Aliendelea kidogo, kwa ukaidi tu. Kisha akaingiza vijiti vya sauti kimoja kimoja, akazima swichi ya pili, akazima ya kwanza. Mota ilichukua muda kusimama. Alilia mpaka iliposimama, wala hakujificha.

Santuri tisa zilirudi kuwa safi, isipokuwa ya sita. Kwenye Vidole Kumi na Viwili kwato ingali inasikika mpaka leo, kwa mbali, na Mjomba anasema imekuwa bora kuliko zamani. Pedali ya nne ina alama iliyochimbika, yenye upana wa kiganja. Fundi aliyeahidi kuipiga msasa aliambiwa aiache.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile alifungua kabati, akaweka santuri ya baba. Walihesabu pamoja, wakikaza masikio: mguu wa besi mmoja, una vidole. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha Mjomba alinyoosha mkono ainue sindano, maana tangu msiba Sindano hakuruhusu ifike pale. Mwishoni kabisa, baada ya nota ya mwisho, mtambo wa kurekodia ulikuwa umenasa sauti ya mzee akimwambia neno fundi mitambo.

Sindano aliushika mkono wa Mjomba. "Iache."

Santuri ilikwaruza kidogo. Baba yake akasema, karibu sana, akihema kama aliyetoka kazini:

"Haya, zima. Imetosha."

"Nimezima, baba," alisema Sindano.